Theluji ya Buffalo: msiba wa Noeli ulioanzia kwenye bajeti

Mwezi Desemba 2022, dhoruba ya theluji iliua watu 47 katika kaunti ya Erie, Marekani. Kati yao 31 walikufa ndani ya mji wa Buffalo, mji ambao umezoea theluji tangu zamani. Ilikuwaje mji unaojua baridi ushindwe na baridi? Jibu haliko hewani tu. Liko pia kwenye meza ya baraza la mji, kwenye karatasi ambazo hakuna mtu anapenda kusoma.

Katika familia nyingi za Uvira, Fizi, Bukavu, Goma ao Beni, kuna mtoto, shangazi ao jirani aliyeenda Marekani kupitia kambi za wakimbizi za Burundi, Tanzania ao Uganda. Wengine walipelekwa Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio kando ya ziwa Erie, karibu na mpaka wa Canada. Kwa hiyo habari ya Buffalo haiko habari ya mbali sana. Kati ya waliokufa katika dhoruba ile kulikuwamo pia mkimbizi kutoka Congo.

Nini ilitokea?

Ijumaa tarehe 23 Desemba 2022, asubuhi, siku mbili mbele ya Noeli, upepo ulianza kupiga kutoka upande wa ziwa. Joto lilishuka haraka sana ndani ya masaa machache. Mvua iligeuka theluji, na maji yaliyokuwa barabarani yakageuka barafu. Upepo ulipita kilometa 110 kwa saa. Kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo, hali ile ya kutoona mbele ilidumu karibu masaa 37 bila kukatika. Dhoruba ilipoisha, zaidi ya sentimita 120 za theluji zilikuwa zimeanguka. Huo ni urefu unaofika kifuani kwa mtu mzima.

Wale ambao hawajaona theluji wafikirie hivi: ukungu mzito wa asubuhi ya Butembo, lakini ukungu unaokimbia, unaopiga uso kama mchanga, na unaojaza barabara mpaka mlango wa nyumba haufunguki. Mwenye kuendesha motokari haoni hata pua ya motokari yake. Anasimama. Wa nyuma yake naye anasimama. Baada ya saa moja, motokari zote zimefunikwa na barabara imefungwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mamia ya motokari zilibaki katikati ya barabara. Gari za wagonjwa zilikwama. Wazimamoto wakakwama. Mashine za kusukuma theluji nazo zikakwama, na wale waliotumwa kuzitoa wakakwama pia. Kwa masaa mengi, mtu aliyepiga simu ya kuomba msaada hakupata mtu wa kuja. Viongozi walisema kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya mji kwa wazimamoto kushindwa kujibu miito ya raia.

Watu wengine walikufa ndani ya motokari zao. Wengine walikutwa nje, juu ya theluji. Wengine walikufa nyumbani kwa baridi, kwa sababu umeme ulikatika na mashine za joto zikazima. Wengine moyo ulisimama wakati walikuwa wanatoa theluji mbele ya mlango kwa mikono. Na wengine walikuwa wagonjwa wa kawaida tu, ambao wangepona kama gari la wagonjwa lingefika.

Ziwa linaleta nini?

Wakaaji wa kando ya Kivu na Tanganyika wataelewa jambo hili haraka. Ziwa kubwa linashika joto la kiangazi kwa muda mrefu. Mwezi wa Novemba na Desemba, maji ya ziwa Erie yangali na joto kidogo kuliko hewa. Upepo baridi unapopita juu yake, unabeba ule unyevu, halafu unapofika ng'ambo unautupa chini kama theluji. Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki ya ziwa, pale ambapo upepo unatua mzigo wake.

Huku kwetu theluji inaonekana mahali pamoja tu, juu ya vilele vya Ruwenzori, wakati mawingu yanapofunguka. Kule Buffalo inashuka mpaka mlangoni, kila mwaka. Tena mwezi mmoja tu mbele ya msiba huu, katikati ya Novemba 2022, dhoruba ingine ilikuwa imetupa karibu mita mbili za theluji katika miji midogo iliyo kusini ya Buffalo. Kwa hiyo mtu hawezi kusema hawakujua. Idara ya hali ya hewa ya Marekani nayo ilitoa onyo siku kadhaa mbele, na ilisema wazi kwamba hii itakuwa dhoruba ya namna inayoonekana mara moja kwa kizazi kizima.

Onyo lilikuwapo, na mji ulikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Ni nini basi kilikosekana?

Karatasi zisizosomwa

Buffalo ina meya na baraza la mji linaloitwa Common Council. Baraza hilo lina washauri 9, kila mmoja amechaguliwa na wakaaji wa sehemu yake ya mji. Kazi yao ya kila siku haina sifa kubwa. Wanajadili ruhusa za maduka, nyumba zilizoachwa, mashimo ya barabara, takataka, taa za njiani, malalamiko ya wakaaji. Mtu akiingia kusikiliza anaweza kulala usingizi.

Lakini ni katika kazi hiyo ya kuchosha ndimo theluji inapiganiwa. Mwaka wa bajeti wa Buffalo unaanza tarehe 1 Julai. Njo kusema, franga za kupigana na theluji zinapigiwa kura wakati watu wanavaa kaptula na watoto wanaogelea. Ni wakati huo ambapo mtu anapaswa kuuliza: tuna mashine ngapi? Ngapi zinatembea kweli, na ngapi zimesimama gereji zikingoja kipande? Chumvi ya kuyeyusha barafu itatosha? Madereva wako wangapi, na nani atawapokea kazi kama wamefanya masaa kumi na mbili? Usipouliza mwezi wa sita, mwezi wa kumi na mbili hakuna jibu.

Kuna pia maswali madogo ambayo yanaua. Kwa mfano, motokari zipakiwe upande gani wa barabara? Kwenye makartie ya zamani ya Buffalo, barabara ni nyembamba. Kama motokari zimepakiwa pande zote mbili, mashine haipiti. Ndiyo sababu kuna sheria ya kubadilisha upande. Ni sheria ndogo, watu wanailalamikia, polisi wanaandika adhabu. Siku ya dhoruba njo unaona faida yake.

Tena kuna sheria ya njia za miguu: mwenye nyumba ndiye anapaswa kuondoa theluji mbele ya parsele yake. Kwa kijana mwenye nguvu ni kazi ya nusu saa. Kwa mzee mgonjwa wa moyo inaweza kuwa kazi ya mwisho. Na mbele ya nyumba isiyokaliwa, nani ataondoa?

Halafu kuna orodha ya barabara. Kila mji wenye theluji una orodha ya wapi mashine zinaanza na wapi zinamaliza. Kwanza barabara kubwa zinazoenda hospitali na kwa wazimamoto, kisha za katikati, mwisho vichochoro vya wakaaji. Orodha hiyo ina akili. Lakini yule anayekaa mwisho wa orodha anakaa kifungoni siku nyingi kuliko wengine, na mara nyingi ndiye mwenye franga kidogo, asiye na chakula cha wiki nzima ndani.

Katika dhoruba ya 2022, hata orodha haikutosha. Theluji ilikuwa nyingi sana, mashine za kusukuma hazikuweza kuisukuma. Ilibidi kuleta katapila za kuchota na makamio ya kubeba, barabara kwa barabara, huku wakichomoa motokari moja moja. Kazi hiyo ni ya polepole sana.

Nani anasema "musitoke"?

Hapa kuna jambo lingine ambalo wasomaji wa huku watalijua. Juu ya Buffalo kuna mamlaka nyingi. Kuna mji na meya wake, wakati ule Byron Brown. Kuna kaunti ya Erie, tuseme kama teritware, na kiongozi wake Mark Poloncarz. Kuna jimbo la New York na gavana Kathy Hochul, ambaye mwenyewe ni mtoto wa Buffalo. Na juu kabisa kuna serkali ya Washington.

Amri ya kukataza motokari barabarani ilitolewa na kaunti, na ilianza saa tatu na nusu ya asubuhi ile ya Ijumaa. Saa hiyo upepo ulikuwa umeshaanza. Watu wengi walikuwa wameshaenda kazini, ao walikuwa sokoni wakitafuta chakula cha Noeli. Viongozi walieleza kwamba walitaka kuwaacha wafanyakazi wa usiku wafike nyumbani kwanza. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini kwa yule wa zamu ya asubuhi, saa hiyo ilikuwa imechelewa.

Tuseme wazi jambo moja: amri ya kubaki nyumbani inamsaidia maskini kuliko tajiri. Mwenye kulipwa mshahara wa mwezi anaweza kuamua mwenyewe kubaki. Mwenye kulipwa kwa saa hawezi. Boss akisema "kuja", anaenda. Amri ya serkali njo inamfungia boss mlango. Kama amri haijatoka, yule mfanyakazi yuko peke yake kati ya theluji na kazi yake.

Dhoruba ilipotulia, viongozi waligombana hadharani. Tarehe 28 Desemba, Poloncarz aliukosoa mji kwa ukali mbele ya waandishi, akisema kazi ya kuondoa theluji inaenda vibaya kiasi cha kutia haya. Kesho yake aliomba radhi. Lakini raia waliokuwa wamefungiwa na theluji walikuwa wamesikia. Amri ya kukataza motokari ndani ya mji iliondolewa tu Alhamisi tarehe 29, karibu siku sita nyuma ya kuanza.

Nani alikufa zaidi?

Upepo haukuchagua nyumba, lakini hesabu ya vifo haikuwa sawa. Kati ya wale 31 wa mji wa Buffalo, walio wengi walikuwa watu weusi, wakati watu weusi ni kama theluthi moja tu ya wakaaji.

Sababu si ya siri. Kwa miaka mingi watu weusi wa Buffalo wamekusanyika upande wa mashariki ya mji. Kule maduka makubwa ya chakula ni machache, nyumba ni za zamani, upepo unaingia kwenye madirisha, na wengi hawana motokari. Mtu asiye na akiba ya chakula lazima atoke. Mtu ambaye nyumba yake haishiki joto hawezi kungoja siku tatu bila umeme.

Kwa mgeni kuna tatizo la ziada, lugha. Onyo linalokuja kwenye simu kwa Kiingereza halimwambii kitu mama aliyefika mwaka uliopita kutoka kambi ya Nyarugusu. Na hata akielewa neno "dhoruba", hajui kipimo chake. Kwake yeye theluji ni theluji. Anayeweza kumwambia "hii si kama ile ya juzi, usitoke hata mlangoni" ni jirani, mchungaji, ao mtu wa jumuiya yake.

Na kweli, pale ambapo serkali haikufika, majirani ndio walifika. Watu waliwafungulia wageni milango. Wengine wenye motoski za theluji walibeba wagonjwa na wauguzi. Katika mji mdogo wa Cheektowaga, kando ya Buffalo, mwanaume mmoja alivunja dirisha la shule, akaingiza ndani watu zaidi ya 20 waliokuwa wanakufa na baridi, akawalisha, kisha akaacha barua ya kuomba radhi kwa ajili ya dirisha. Polisi walimtafuta ili kumshukuru. Kulikuwa pia na wizi kwenye maduka kadhaa, na watu walikamatwa. Yote mawili yalitokea.

Theluji imeshaangusha meya

Kule Marekani viongozi wa miji wanajua kwamba theluji inaweza kuwatoa kwenye kiti. Mfano unaotajwa sana ni Chicago. Januari 1979, karibu nusu mita ya theluji ilianguka juu ya ingine iliyokuwa haijaondolewa. Meya Michael Bilandic aliwaambia raia kwamba kazi inaendelea vizuri, wakati wao waliona kwa macho yao barabara zimefungwa. Mbaya zaidi, treni za mji zikaanza kupita bila kusimama kwenye vituo vya makartie ya watu weusi. Watu walisimama kwenye baridi wakiona treni inapita. Tarehe 27 Februari mwaka ule, katika uchaguzi wa ndani ya chama, Bilandic alishindwa na Jane Byrne, ambaye kisha akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Chicago.

Miaka kumi mbele ya hapo, Februari 1969, New York ilipata sentimita kama 38 tu za theluji. Watu 42 walikufa, nusu yao katika sehemu ya mji inayoitwa Queens, ambako mashine hazikufika kwa siku nyingi. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba mashine nyingi za mji zilikuwa zimeharibika, hazikutengenezwa. Meya John Lindsay alikataliwa na chama chake mwaka ule, akaokolewa na chama kingine.

Ukiangalia Chicago, New York na Buffalo, unaona kitu kimoja: raia anasamehe theluji, hasamehe kudanganywa, na hasamehe kuachwa wa mwisho kila mara.

Nini ilibadilika?

Nyuma ya msiba, mji wa Buffalo uliomba wataalamu wa chuo kikuu cha New York wachunguze. Ripoti yao ilitoka Juni 2023. Ilikuwa na maneno ya kawaida kabisa: tangazeni mapema, nunueni mashine zinazofaa, muwe na mtu mmoja anayesimamia dharura, fikieni wale wasiosikia Kiingereza, tayarisheni sehemu za kukimbilia zenye joto. Kisha mji ukaunda kazi ya msimamizi wa dharura.

Mtihani ulikuja Januari 2024. Dhoruba ingine ilitangazwa wikiendi ambapo timu ya mji, Buffalo Bills, ilikuwa na mchezo mkubwa wa mpira wa Marekani siku ya Jumapili tarehe 14. Mara hii amri ya kukataza motokari ilitolewa Jumamosi usiku, na gavana Hochul akatangaza kwamba mchezo unasogezwa mpaka Jumatatu. Kule, kuahirisha mchezo wa Bills si jambo dogo. Lakini hesabu ya misiba ya Noeli ya 2022 haikujirudia.

Na huku kwetu?

Huku hatuna theluji ya barabarani. Tuna maji. Aprili 2020, mto Mulongwe ulibomoa sehemu ya Uvira. Mei 2023, mvua ya siku moja iliua watu zaidi ya 400 katika Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe. Kila mara maneno ni yale yale: "ilikuwa mvua isiyo ya kawaida." Labda ni kweli. Buffalo pia walisema vile.

Tofauti ni kubwa, hakuna haja ya kuficha. Mji wa Marekani una mashine, bima na gavana mwenye helikopta. Mji wa huku mara nyingi hauna hata katapila moja yake yenyewe, na vita vimekula nguvu zote. Tena raia wa kule anaweza kumwangusha meya kwa kura. Huku meya anateuliwa. Washauri wa komine walipigiwa kura tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006, na si kila mahali.

Lakini kuna mambo ambayo hayaombi franga nyingi. Kusafisha mifereji kwa salongo mbele ya mvua za Septemba, si nyuma yake. Kujua mapema ni parsele gani ziko kwenye njia ya maji, na nani mzee, nani mlemavu ndani yake. Kukubaliana ni kanisa gani ao shule gani itafunguliwa usiku maji yakija, na nani anashika ufunguo. Kuchagua mtu mmoja wa kila avenue wa kutoa onyo, kwa lugha ambayo bibi anaelewa. Na kwenye kikao cha komine, pale ambapo wanasoma hesabu na watu wanapiga miayo, mtu mmoja anyoshe mkono aulize: franga za mifereji ziko wapi?

Wakaaji wa Buffalo walizika ndugu zao 31 kabla swali la namna hiyo halijaulizwa kwa nguvu. Sasa kule wanauliza wakati jua linawaka. Huku kiangazi kinaanza Juni, na mvua zinarudi Septemba. Miezi hiyo mitatu inatosha kuuliza.